Daftari la Maziwa

Lilikuwa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Nilipewa na mwalimu mmoja ambaye mkewe nilimzalisha, na katika Msumbiji ya miaka ya 1980 hiyo haikuwa zawadi ndogo. Sabuni, sukari, mafuta ya taa, hata karatasi, kila kitu kilikuwa cha kupangia foleni. Uzito, joto na dawa tuliviandika kwa Kireno katika vitabu vya serikali. Katika daftari hili niliandika kwa Kiswahili: mtoto wa fulani, kapewa maziwa ya fulani, siku gani, kalishwa mara ngapi, na maziwa yenyewe yalikamuliwa mara ngapi. Hilo la mwisho nitalieleza, maana ndilo lililokuja kuulizwa baada ya miaka thelathini na zaidi.

Nilikuwa mkunga katika hospitali ndogo ya pwani, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado. Mji sitautaja, kwa sababu wapo tuliofanya nao kazi ambao bado wako hai, na mengine nitakayosema hayatawapendeza. Wagonjwa wetu walitoka Palma, Olumbi, Kionga na visiwani, na wengine bara, upande wa Nangade na Mueda. Kwenye wodi ya wazazi ungesikia Kimwani, Kimakwe na Kimakonde, na Kiswahili cha kuwaunganisha wote. Kireno kilikuwa cha daktari, siku akiwapo.

Siku nyingi hakuwapo. Wareno walipoondoka 1975 waliondoka na madaktari wao, na nchi nzima ikabaki na madaktari wasiotimia mia. Tarehe 24 Julai mwaka huo huo, uhuru haujatimiza hata mwezi, Samora Machel alitaifisha huduma za afya. Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi kabla hajawa askari, na sisi tuliosomea ukunga pale Pemba tulilisema jambo hilo kwa majivuno, kana kwamba rais ni wa idara yetu. Tulifundishwa upesi upesi, tukatawanywa wilayani, na huko ndiko tulikojifunza kazi.

Chumba cha watoto njiti kilikuwa kidogo, cha vitanda vinne vya mama na meza moja. Wareno walituachia mashine moja ya joto ya kulaza vichanga. Ilitaka umeme usiku kucha, na jenereta ya mji ilizimwa saa nne usiku, dizeli ikiwapo. Nilipofika, ndani ya mashine ile mlikuwa mmehifadhiwa shashi. Badala yake tulikuwa na kisanduku cha mbao, tukakizungushia chupa za maji moto zilizofungwa vitambaa. Kila baada ya saa mbili mtu aamke, awashe moto nje, achemshe maji, ajaze chupa. Akipitiwa na usingizi, alfajiri unakuta kisanduku kimepoa na mtoto ni wa baridi kama samaki wa juzi. Mimi alfajiri naichukia mpaka leo.

Kilichobadilisha chumba kile ni kikongwe mmoja wa Kionga, aliyekuja kumuuguza bintiye. Alizaliwa Kionga ingali ya Wajerumani, kabla Wareno hawajaitwaa mwaka 1916, na alizungumza na kila mtu kama anayezungumza na wajukuu zake, wakiwamo wakuu wa chama. Usiku wa kwanza aliangalia kile kisanduku chetu, akaangalia chupa, akaniuliza, “Mwanangu, na mama yake mna kazi naye gani nyingine?” Akamfungua bintiye kifua, akamweka kichanga wima katikati ya matiti, uchi ila kofia, kichwa kimegeuzwa upande, akawafunga pamoja kwa kitambaa kimoja cha kapulana mpaka mtoto akabaki kichwa tu. Alfajiri nikapima joto. Nikapima tena nikidhani kipimo kimeharibika.

Miaka mingi baadaye, katika semina, nilisikia kwamba jambo hilo lina jina na historia. Mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, Daktari Edgar Rey, kwa uhaba wa mashine na vifo vingi, alianza kuwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao, na mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo. Wakaiita njia ya kangaruu. Mwaka 2000 madaktari wa Hospitali Kuu ya Maputo waliandika kwenye jarida la kitabibu jinsi walivyoifanya kwa uwezo mdogo. Na mwaka 2021 ukatoka utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali tano, mojawapo Muhimbili, Dar es Salaam, nyingine za Ghana, Uhindi, Malawi na Nigeria: watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo moja na kilo moja na gramu 799, waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa bila kungoja watulie kwanza, walikufa 12 katika kila mia, waliongojewa, karibu 16. Nilifurahi kusoma. Ila yule bibi wa Kionga alikuwa amekwisha kuzikwa, na sidhani angeshangaa.

Joto, basi, tulilipata. Kulisha ndiko kulikokuwa kazi.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 au 34 hajui bado kupanga mambo matatu pamoja: kunyonya, kumeza na kupumua. Ukimpa titi atalilamba, atachoka, atalala, na usipoangalia atapaliwa. Kwa hiyo tunampitishia mrija puani hadi tumboni. Urefu wake unapimwa kwa mtoto mwenyewe: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kutoka hapo hadi chini ya chembe cha moyo, unatia alama kwa plasta. Ukishaingia unavuta kidogo kuona kama kinachotoka ni maji ya tumbo, maana mrija uliopotea njia ukaingia mapafuni unaua. Kisha unachukua bomba la sindano, unatoa kile kifimbo cha kusukumia, unaunganisha na mrija, unamimina maziwa, unainua mkono. Yanashuka yenyewe. Usisukume. Wanafunzi wote husukuma, wanaona yanachelewa. Mimi niliwapiga vidole.

Mtoto wa kilo moja na gramu mia tatu, siku ya kwanza, anahitaji kama mililita 6 au 7 kila saa mbili. Ni kijiko cha chai na kidogo juu yake. Kesho unaongeza, keshokutwa unaongeza, kwa kuangalia tumbo: likijaa upepo, likawa gumu, au ukivuta yakatoka ya kijani, unasimama. Akipata nguvu unamhamishia kikombe kidogo cha kupimia dawa, unamkalisha, unagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, naye anatoa ulimi, analamba kama paka. Hapo mama zao hucheka kwa mara ya kwanza tangu walazwe. Mwisho ndipo titi.

Na maziwa yenyewe hutoka kwa mkono. Mashine ya kukamulia nimeiona uzeeni. Kidole gumba juu, cha shahada chini, nyuma ya ule weusi, unasukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo unaminya, unaachia, unazunguka titi lote. Ukiivuta chuchu yenyewe utaumia bure. Siku mbili za mwanzo yanatoka matone tu ya dang’a, mazito, ya manjano, na wazee wengi wa kwetu waliyaona machafu, wakataka yamwagwe, mtoto apewe maji ya sukari kwanza. Mimi dang’a niliilinda kama dawa ya kufungia kabatini. Mama anakamua mara nane, mara kumi kwa siku, usiku ndani yake, na ale: uji wa pilipili manga, mchuzi wa pweza, matapa ya nazi, kile ndugu watakacholeta, kwa kuwa jikoni mwetu mara nyingi palikuwa na mahindi matupu.

Makopo ya maziwa ya unga ya msaada yalikuwapo. Nayazungumzia kwa ufupi kwa sababu bado yananiudhi. Mwaka 1981 Baraza la Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni ya kuzuia utangazaji wa maziwa ya kopo. Nchi 118 zikaunga mkono, Marekani peke yake ikapinga. Kwetu kanuni ilifika kwa bango moja la ukutani, makopo yakafika kwa lori. Maji ya kisima, chupa isiyochemshwa vema, kijiko cha kukadiria, na tumbo la kichanga njiti ambalo hata maziwa safi ya unga linayastahimili kwa taabu kuliko ya mama. Nimeona matumbo yale yakivimba. Nilipoweza kuyakwepa makopo niliyakwepa.

Lakini mama wa mtoto njiti mara nyingi ni mgonjwa. Ana kifafa cha mimba, ametokwa damu, ana malaria, au hayupo tena duniani. Kitanda cha pili kuna mama mwingine, matiti yamejaa mpaka yanauma, mtoto wake ni wa vijiko viwili. Ungefanyaje? Tulimwomba. Karibu wote walikubali, na wengi walijitolea kabla hujamaliza kuomba.

Ndipo alipokuja mzee shehe. Alikuja kumtazama mjukuu wake, akakaa kwenye benchi na kilemba chake, akanitazama nikimlisha mtoto wa watu kwa maziwa ya mkwewe. Akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, haya mnayaandika?” Nikamwambia uzito tunaandika, kiasi tunaandika. “Na mwenye maziwa?” Hatukuandika.

Ye yote aliyekulia pwani anajua, hata asiyekwenda madrasa, kwamba walionyonya ziwa moja ni ndugu na hawaoani. Nisilojua mimi ni mipaka yake, na shehe alinieleza pale pale, sauti chini. Kwa sisi Washafii ni kunyonya mara tano zenye kushibisha, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Si lazima iwe kwenye titi: yakiingia kwa kikombe ni hayo, yakiingia puani yakafika tumboni ni hayo hayo. Nikamwonyesha mrija, akautazama kwa muda, akatikisa kichwa kukubali. Mwanamke anakuwa mama yake, mume wake baba, watoto wake wote, waliotangulia na watakaofuata, ndugu zake. Nikamuuliza, mama akiwa Mkatoliki kutoka Mueda? Ni vile vile. Kisha akaniambia jambo ambalo nisingeliota: maziwa yakikamuliwa kwa mkupuo mmoja, ukamlisha mtoto kwa mafungu matano, kwa kauli yenye nguvu hiyo ni mara moja. Kwa hiyo, mwanangu, usiandike tu alilishwa mara ngapi. Andika na walikamua mara ngapi.

Mkuu wangu wa wakati huo hakupenda. Frelimo ilikuwa imeanza kulegeza kamba kwa dini, Samora alikwisha kukutana na viongozi wa dini zote Desemba 1982, lakini wapo waliobaki na ukali wa mwanzo kuliko chama chenyewe. Aliniambia hospitali si msikiti. Sikumjibu. Nikalitafuta daftari, nikawa naliweka mfukoni mwa aproni, na kila mama aliyetoa maziwa na kila aliyepokea nikamsomea mstari wake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Wamakonde mwanzoni waliona ni mambo ya Waislamu. Wakishaelewa walilipenda zaidi kuliko wenyewe, maana nani asiyetaka kujua mwanawe ana ndugu wapi.

Nilikuja kusoma baadaye sana kwamba Desemba 1985 wanazuoni wa Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Jeddah wakakataza kuanzishwa benki za maziwa ya akina mama katika nchi za Kiislamu, kwa kuwa maziwa ya wengi huchanganywa na haijulikani nani kamnyonyesha nani. Sina elimu ya kuwasahihisha. Nasema tu kwamba hofu yao na ya yule mzee ilikuwa moja, na sisi dawa yake tuliipata kwa daftari na kalamu ya risasi: kikombe cha kila mama kina kitambaa chake cha rangi, na hakuna kuchanganya.

Sasa nije kwenye mwaka 1988, miezi ya kaskazi, mvua na mbu.

Aliletwa kwa jahazi mwanamke wa Kionga, mimba ya miezi saba, tayari ameanguka kifafa njiani. Kumpeleka Pemba haikuwezekana. Ilikuwa vita vya Renamo, na gari halikusafiri barabara ile bila msafara wa askari. Tulimzalisha mtoto wa kiume, gramu elfu moja na mia tatu na kitu. Mama tukampa dawa za kutuliza kifafa, akalala asijijue. Hana tone. Dada yake alikaa na yule mtoto kifuani kwenye kapulana, maana kifua cha kuleta joto si lazima kiwe cha mama, lakini cha kuleta maziwa ni lazima kiwe cha mzazi.

Kitanda cha dirishani alikuwapo Mmakonde wa upande wa Mueda, binti wa wakimbizi, aliyekulia Rutamba kule Lindi wakati wa vita vya ukombozi na kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mtoto wake, njiti pia, alikuwa amefariki usiku uliotangulia. Asubuhi ile mama yake mzazi, bibi mwenye ndonya mdomoni, alikuwa amekuja na kipande cha kitambaa kumfunga kifua ili maziwa yakauke. Sikumwomba. Nataka hili lieleweke, kwa sababu yapo mambo ambayo mkunga haombi. Nilikuwa nimesimama mezani natafuta cha kumpa yule mtoto, nimelishika kopo la unga, nasoma maandishi yake kama mtu asiyejua kusoma. Akaniambia kutoka kitandani, “Weka hilo. Nipe kikombe.”

Mama yake alisema naye kwa Kimakonde kwa muda mrefu. Sikuelewa yote. Mwisho bibi alikunja kile kitambaa, akakitia kwenye kikapu, akatoka nje kukaa kivulini.

Alikamua siku ile, na usiku, na kesho yake. Mwanzo hakutaka kumtazama mtoto. Alinipa kikombe akageukia ukutani. Baada ya siku tatu aliuliza uzito. Mtoto alikuwa amepungua, kama wapunguavyo wote, akasema, “Maziwa yangu hayafai.” Nikamwonyesha kwenye kitabu kwamba wa vitanda vingine nao walipungua. Siku alipoongezeka gramu ishirini alidai apimwe tena mbele yake, na kuanzia hapo ndiye aliyenihimiza saa za kulisha.

Mwenye mtoto alizinduka, lakini hakuwa na nguvu ya kushika kijiko, na maziwa yake yalikawia zaidi ya wiki. Katika siku hizo yule Mmakonde alishikwa na homa kali ya malaria. Usiku mmoja hakuweza kukamua. Kulikuwa na msichana wa Olumbi, mzazi wa kwanza, mtoto wake wa kike amezaliwa mdogo kidogo tu na ananyonya vizuri. Jenereta haikuwashwa, mvua inapiga bati. Nilimwomba huyo, akakamua kwa mwanga wa kibatari, mara moja, kikombe kimoja. Nilikifunika, nikakisimamisha ndani ya maji ya mtungi kipoe, nikamlisha mtoto saa mbili, saa nne na saa sita. Saa nane Mmakonde alitoka jasho, homa ikashuka, akaketi akaomba kikombe chake.

Yote hayo niliyaandika. Mstari wa Mmakonde ulijaza karibu ukurasa mzima. Wa Olumbi ulikuwa mmoja: kakamua mara moja, kalishwa mara tatu.

Mtoto alitoka hospitalini ananyonya titi la mama yake. Yule Mmakonde alikuwa amekwisha kuondoka. Mama wa Kionga alimtumia kapulana mpya kwa mkono wangu, nikaipeleka kituo cha magari ya msafara, nikampa mtu wa Mueda. Ikawa basi.

Miaka ya 1990 mlango huo ulifungwa. UKIMWI ulikuja, tukaambiwa mama asimpe maziwa yake mabichi mtoto wa mwenzake, na walioamuru hivyo walikuwa na haki. Nikaacha kuandika. Daftari nililihifadhi nyumbani kwenye sanduku la nguo.

Kuhusu vita vya sasa nitasema machache, wengine wamesema mengi. Oktoba 2017 waasi walishambulia Mocímboa da Praia, Agosti 2020 wakauteka mji mzima, Machi 2021 wakaingia Palma. Nyumba yangu iliungua na sanduku lake. Mimi nilifika Pemba kwa mashua, nikashuka ufukwe wa Paquitequete pamoja na maelfu ya watu waliokuwa wakishuka hapo miezi ile, na Paquitequete ndipo nilipo hadi leo, kwa mwanangu. Humo humo kambini na mitaani nikaanza kusikia maneno niliyokuwa sijayasikia kwenye wodi yangu, Mmwani akimtilia shaka Mmakonde, Mmakonde akimwita kila Mmwani mwenye ndevu adui. Nilikuwa nawatazama wasemaji kwa umri wao, nikipiga hesabu: huyu ni wa 1985, huyu wa 1990, huyu huenda alipita mezani kwangu.

Mwaka 2023 wakaja wanawake wawili pamoja. Mmoja alikuwa yule wa Kionga, mzee sasa, mguu mmoja unamsumbua. Mwingine sikumjua. Mtoto wa gramu elfu moja na mia tatu alikuwa mvuvi wa miaka thelathini na mitano, mkewe wa kwanza walikwisha kuachana, na alikuwa amechumbia binti wa Olumbi aliyemkuta hapa hapa kwenye ukimbizi. Mama wa binti alifariki katika kukimbia 2021. Huyu mgeni alikuwa mdogo wake marehemu, na alikuwa amekumbuka kwamba dada yake aliwahi kumsimulia jinsi, alipojifungua binti yake mkubwa, alivyomkamulia maziwa mtoto wa mwanamke aliyezimia.

“Bibi,” akaniambia, “aliyezimia ni huyu. Sasa tufanyeje?”

Mwenye kuzimia hakuwa na la kusema. Yeye ndiye asiyejua. Posa ilikuwa imeshapokelewa.

Tukamwita shehe wa mtaa, kijana kwa umri wangu. Alianza kwa kusema kwamba shaka haiharamishi. Kama hakuna mwenye yakini ya idadi, ndoa ni halali. Mama mdogo hakuridhika. Alisema hataki binti wa dada yake alale na mumewe juu ya shaka. Nikasema mimi sina shaka. Nikawaeleza usiku ule, mvua, homa, kikombe, mtungi, saa mbili, saa nne, saa sita. Shehe alinisikiliza, kisha akauliza swali lile lile, kwa maneno karibu yale yale: “Mama, yalikamuliwa kwa mara ngapi?” Nikamjibu. Akasema hiyo ni moja, na hata kwa wanaohesabu kila fungu ni tatu, haifiki tano. Waoane.

Wote wakashusha pumzi, chai ikaletwa. Ndipo nikawaambia kwamba bado sijamaliza, kwa sababu kijana ana mama mwingine ambaye kuhusu yeye hakuna hesabu ya kubishania, na huyo mama, kama yu hai, ana watoto ambao ni ndugu zake kijana.

Kumpata kulichukua simu nyingi, kupitia muuguzi niliyemfundisha aliyehamia Mueda. Yu hai. Ana wana watatu, mmoja mwanajeshi. Mwanamke wa Kionga alizungumza naye kwa simu mpaka salio la watu wawili likaisha, akamwambia harusi haifanyiki bila yeye kukaa kitako kwenye mkeka wa wazazi wa bwana harusi.

Walikuja kwa chapa, yale mabasi madogo ya abiria, kwa njia ya Montepuez, yeye na wanawe wawili na gunia la korosho. Nauli ilikuwa ya kulipwa wakishuka. Mama wa Kionga alikuwa amesimama kituoni tangu asubuhi na noti mkononi, kwamba wageni wake hawalipi. Mwana mkubwa wa Kimakonde akasema hendi kwenye harusi ya mdogo wake kwa nauli ya watu, akanyoosha pesa zake. Wakabishana mlangoni mwa gari, kwa heshima lakini kwa sauti, kila mmoja akiusukuma mkono wa mwenzake, abiria wamekwama ndani. Kobradori akachukua za wote wawili, chapa ikaondoka.